Eurovision: maswali yanayoulizwa kila Mei

Mwezi wa Mei ukikaribia, maswali huanza kumiminika. Mtu ameona kipande cha video: mwimbaji kazungukwa na moto, chini yake majina ya nchi na tarakimu zinazopanda na kushuka. Anataka kujua ni mashindano ya nini, nani anampa nani alama, na sisi wa lugha hii tunahusikaje. Nimelifuatilia shindano hili kwa moyo wote tangu 2011, na sababu ya kuwa mwaka huo hasa utaikuta mbele. Yafuatayo ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi.

Eurovision ni nini hasa?

Ni shindano la nyimbo baina ya nchi, linalorushwa mubashara kwenye televisheni kila mwaka. Kila nchi huleta wimbo mmoja mpya. Nchi hupigiana kura, na hakuna inayoruhusiwa kujipigia yenyewe. Ikishinda, kwa kawaida ndiyo itakayokuwa mwenyeji mwaka unaofuata.

Mambo mawili huwachanganya wageni. Kwanza, kinachoshindana ni wimbo. Mwimbaji ni mbebaji wake, na ndiyo maana mwimbaji wa taifa moja anaweza kuibebea nchi nyingine bendera bila mtu kushangaa. Céline Dion ni Mkanada, lakini mwaka 1988 aliiletea Uswisi ushindi, kwa tofauti ya alama moja tu dhidi ya Uingereza. Pili, washiriki wenyewe si serikali. Ni mashirika ya utangazaji: BBC kwa Uingereza, RAI kwa Italia, NRK kwa Norway, SVT kwa Uswidi, na wenzao. Juu yao wote yupo mratibu, Muungano wa Utangazaji wa Ulaya, EBU, wenye makao yake Geneva. Ukilishika hili la mashirika, nusu ya maswali yatakayofuata yatajijibu.

Kwa watazamaji, hesabu ya EBU ya miaka ya karibuni inapita milioni 160.

Lilianzaje?

Lilianza kama jaribio la mitambo. EBU iliundwa mwaka 1950, vita vikuu vikiwa vimeisha miaka mitano tu kabla yake, na televisheni bado ni kitu cha wachache. Swali la mafundi lilikuwa hili: je, picha ya tukio moja inaweza kuonekana katika nchi kadhaa kwa wakati uleule? Kutawazwa kwa Malkia Elizabeth mwaka 1953 kulionekana ng'ambo ya mlango wa bahari, na mwaka 1954 mtandao wa kupokezana matangazo ukaanza kazi rasmi. Mtandao huo ndio ulioitwa Eurovision. Shindano limerithi tu jina la njia iliyolibeba.

Aliyelisukuma wazo la nyimbo ni Marcel Bezençon, Mswisi, na mfano wao ulikuwa tamasha la Sanremo la Italia lililoanza 1951. Tarehe 24 Mei 1956, katika ukumbi wa Kursaal mjini Lugano, nchi saba ziliimba nyimbo mbilimbili: Uholanzi, Uswisi, Ubelgiji, Ujerumani, Ufaransa, Luxembourg na Italia. Mshindi alikuwa Lys Assia wa Uswisi. Alama zilizopatikana hazikutangazwa usiku ule, na hazijatangazwa hadi leo. Wengi waliolifuata walilisikiliza redioni, kwa kuwa televisheni majumbani zilikuwa za kuhesabu.

Jukwaani kuna masharti gani?

Wimbo usizidi dakika tatu. Jukwaani wasizidi watu sita. Mwimbaji mkuu lazima aimbe papo hapo kwa sauti yake. Awe ametimiza miaka 16. Sharti hili lilikuja baada ya watoto wawili, wa miaka 11 na 12, kupandishwa jukwaani mwaka 1989. Wimbo usiwe umetolewa kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka uliotangulia. Wanyama hai ni marufuku.

Ala sasa zinatoka kwenye kanda. Gitaa unaloliona na ngoma inayopigwa kwa jasho jingi ni za kuonyesha tu. Haikuwa hivyo zamani. Hadi 1998, mjini Birmingham, palikuwa na okestra kamili, na kila nchi ilikuja na kiongozi wake wa kuiongoza. Mwaka uliofuata okestra ikaachwa, na haikurudi. Mimi hili linaniuma. Mtu aliyekulia na taarabu ya Unguja, akawasikia wapiga fidla, udi, kanuni na akodiani wakivutana pumzi na mwimbaji mmoja, anajua kuna kitu ambacho kanda haiwezi kukifanya: kumsubiri mwimbaji.

Kura zinahesabiwaje?

Hapa watu wengi hupotea, basi tuende polepole.

Kila nchi hugawa alama kwa nyimbo kumi inazozipenda zaidi. Ya kwanza hupata 12, ya pili 10, kisha 8, 7, 6, hivyo hivyo hadi 1. Mpango huu umekuwapo tangu 1975. Tangu 2016, katika fainali kila nchi hutoa mafungu mawili kamili ya alama hizo: fungu la jopo la majaji, ambao ni watu wa kazi ya muziki, na fungu la watazamaji waliopiga kura kwa simu, ujumbe mfupi au mtandaoni. Kwa hiyo wimbo unaweza kupata hadi alama 24 kutoka nchi moja. Majopo yalikuwa na watu watano kwa miaka mingi. Kanuni zilizotangazwa Novemba 2025 kwa ajili ya shindano la 2026 ziliwaongeza kuwa saba, angalau wawili wao wawe vijana wa miaka 18 hadi 25, na zikapunguza idadi ya kura za mtu mmoja kutoka 20 hadi 10.

Matokeo husomwa kwa awamu. Kwanza wasemaji wa kila nchi huingia hewani mmoja mmoja kutangaza alama za majaji. Hii ndiyo sehemu ya saluti, salamu za miji mikuu na ile pumzi inayoshikwa kabla ya kumi na mbili kutajwa. Kisha zinakuja kura za watazamaji, zikiwa zimejumlishwa kwa kila nchi, na husomwa kuanzia nchi iliyoshika mkia kwa majaji hadi iliyoongoza. Aliyekuwa juu hukaa akisubiri, huku walio chini wakirushwa mbele yake mmoja baada ya mwingine. Sijui mchezo wowote wa televisheni unaoutesa moyo namna hii.

Mfano bora ni Stockholm mwaka 2016. Majaji waliiweka Australia kwanza, kwa alama 320. Watazamaji waliiweka Urusi kwanza, kwa 361. Na aliyeshinda hakuwa hata mmoja wa hao: ni Jamala wa Ukraine, wa pili kwa majaji na wa pili kwa watazamaji, aliyejumlisha 534. Mwaka 2025 mjini Basel, watazamaji waliipa Israeli alama 297, zaidi ya nchi nyingine yoyote, lakini JJ wa Austria aliyeongoza kwa majaji akamaliza na 436 dhidi ya 357. Anayependwa sana na upande mmoja tu hushindwa na anayekubalika pande zote mbili.

Na wakifungana?

Mwaka 1969 mjini Madrid walifungana wanne: Hispania, Uingereza, Uholanzi na Ufaransa. Kanuni ya kuwatenganisha haikuwapo, basi wote wanne wakatangazwa washindi. Siku hizi aliyepata alama nyingi zaidi kwa watazamaji ndiye hutangulia.

Ni kweli kwamba majirani hupendeleana?

Ugiriki na Kupro zimepeana 12 miaka mingi kiasi kwamba ukumbi huzomea kabla msemaji hajamaliza sentensi. Nchi za kaskazini hupendana, za Balkani vilevile. Wahamiaji nao huipigia nchi walikotoka wakiwa katika nchi walikohamia.

Lakini mimi siliiti jambo hili upendeleo kwa haraka hivyo. Fikiria Bongo Fleva. Msanii wa Dar es Salaam akitoa wimbo, Mombasa wanaujua, Bujumbura wanaujua, Lubumbashi wanauimba harusini. Wakiulizwa wachague wimbo mmoja kati ya ishirini na tano, watauchagua ule ambao lugha na mdundo wake vinawaingia, na hakuna aliyewahonga. Ndivyo ilivyo kwa Mgiriki na Mkupro. Isitoshe, ujirani haumfikishi mtu kileleni. Ureno ina mpaka na nchi moja tu, ilianza kushiriki 1964, na haikushinda hadi 2017, pale Salvador Sobral alipoimba kwa Kireno wimbo wa taratibu usio na moto wala wachezaji. Alipata alama 758, rekodi ya shindano chini ya mpango wa sasa, nazo zilitoka kila kona ya Ulaya.

Kwa nini nchi fulani zinaingia fainali bila kuchujwa?

Ujerumani, Ufaransa, Uingereza, Hispania na Italia ndizo zinazochangia fedha nyingi zaidi EBU, na zinaposhiriki huingia fainali moja kwa moja pamoja na mwenyeji. Wengine hupita nusu fainali mbili, Jumanne na Alhamisi, na kumi wa kila usiku hupata tiketi ya Jumamosi. Pesa hazinunui kura, hata hivyo. Mwaka 2021 Uingereza ilitoka fainali na sifuri ya majaji na sifuri ya watazamaji.

Israeli na Australia zimekuwa Ulaya tangu lini?

Kumbuka: wanachama ni mashirika ya utangazaji. Uanachama kamili wa EBU hufuata eneo la utangazaji la Ulaya, lililochorwa na wataalamu wa mawimbi ya redio bila kujali mabara. Kwa upande wa kusini mstari wake hupita kwenye nyuzi 30 kaskazini, karibu kabisa na Cairo. Pwani yote ya Mediterania ya Afrika imo ndani: Misri, Libya, Tunisia, Algeria, Moroko. Israeli imo pia, na imeshiriki tangu 1973.

Australia haimo ndani ya mstari wowote. Televisheni yake ya SBS ilikuwa ikilirusha shindano tangu 1983, na watazamaji wake wakalipenda mno. Mwaka 2015, katika shindano la 60, ikaalikwa kama mgeni, ikaimba vizuri, na mwaliko ukaendelea.

Je, Afrika imewahi kushiriki?

Mara moja tu. Mwaka 1979 Israeli ilishinda kwa mara ya pili mfululizo, ikasema haiwezi kubeba gharama za kuandaa tena. Shindano likahamia The Hague, na tarehe yake ikaangukia siku ya maombolezo ya Israeli, basi nchi hiyo haikushiriki. Moroko, iliyokuwa na haki ya kushiriki muda wote huo, ikaingia. Mwimbaji wake alikuwa msichana aitwaye Samira Bensaïd, aliimba kwa Kiarabu, na akapata alama saba, zote kutoka Italia. Akawa wa 18 kati ya 19. Moroko haikurudi tena.

Msichana yule ndiye Samira Said. Kama umewahi kuishi Muscat au Dubai, au una shangazi anayependa nyimbo za Misri, huhitaji nikueleze: alikwenda Cairo akawa mmoja wa waimbaji wakubwa wa ulimwengu wa Kiarabu. Majopo ya mwaka 1980 yalikuwa na sauti hiyo mbele yao, yakaipa saba.

Lebanoni nayo ilijiandaa kwa 2005, ikajitoa, kwa sababu EBU haikuiruhusu kuukata wimbo wa Israeli kwenye matangazo yake. Ama Kenya, Tanzania, Uganda na majirani, ziko mbali sana kusini mwa mstari ule.

Kiswahili kimewahi kuimbwa Eurovision?

Ndiyo, na hili ndilo swali ninalolingojea.

Stella Mwangi alizaliwa Nairobi mwaka 1986, akahamia Norway na familia yake akiwa mtoto mdogo. Akakua kuwa mwanahiphopu. Februari 2011 alishinda mchujo wa kitaifa wa Norway, na mwezi wa Mei akapanda jukwaa la Düsseldorf, Ujerumani, na wimbo uitwao "Haba Haba". Beti zake ni za Kiingereza, na kiitikio ni methali yetu: haba na haba hujaza kibaba. Wimbo wenyewe unasimulia mafunzo ya bibi kwa mjukuu.

Itazame methali yenyewe. Kibaba ni kipimo cha nafaka, robo ya pishi. Ni neno la dukani na la ghalani, ambalo vijana wengi wa mjini hawajawahi kulishika mkononi. Na siku hiyo lilitamkwa mbele ya Ulaya nzima na binti wa Nairobi, chini ya bendera ya Norway. Ndiyo mara ya kwanza Kiswahili kusikika katika shindano lile. Huko Norway wimbo ulikwishafika namba moja, na watoto wa Oslo walikuwa wakiimba "hujaza kibaba" bila kujua kibaba ni nini.

Kanuni za lugha nazo zina sehemu yake hapa. Kati ya 1966 na 1972, na tena kati ya 1977 na 1998, kila nchi ililazimika kuimba kwa lugha yake ya taifa. Angezaliwa kizazi kimoja kabla, Stella angeimba Kinorwe au asiimbe kabisa. Uhuru wa lugha uliorudi 1999 mara nyingi hulaumiwa kwa kufanya kila mtu akimbilie Kiingereza, na lawama hiyo ina ukweli. Lakini mlango uleule ndio uliotuingiza na sisi.

Hakupita nusu fainali. Alipata alama 30, akawa wa 17. Wadau walikuwa wakimtaja miongoni mwa watakaopita, na majina kumi yaliposomwa bila Norway nilihisi kama timu yangu imefungwa dakika ya mwisho. Tangu usiku ule silikosi shindano hili. Kwangu, ile nafasi ya 17 haijapunguza hata punje kwenye kibaba.

Kuna wengine wenye asili ya huku kwetu?

Kongo imetoa wengi kuliko watu wanavyodhani. Jessy Matador, mzaliwa wa Kinshasa, aliiwakilisha Ufaransa mwaka 2010 akawa wa 12. Tusse alizaliwa Kongo, akakimbia vita na shangazi yake, akaishi kambini Uganda, akafika Uswidi akiwa na miaka minane; mwaka 2021 alikuwa na miaka 19 tu akiiimbia Uswidi, akawa wa 14. Jérémie Makiese, golikipa mwenye wazazi Wakongo, aliiimbia Ubelgiji 2022. Claude alitoka Kongo kwenda Uholanzi akiwa na miaka tisa, na mwaka 2025 akaiwakilisha Uholanzi kwa wimbo wa Kifaransa na Kiingereza, akawa wa 12. Senhit, binti wa wazazi wa Eritrea, ameiimbia San Marino.

Mwimbaji mweusi wa kwanza katika shindano alikuwa Milly Scott wa Uholanzi, mwaka 1966. Wa kwanza kushinda ni Dave Benton, mzaliwa wa Aruba, aliyeiletea Estonia ushindi mwaka 2001 pamoja na Tanel Padar.

Wanasema halina siasa. Ni kweli?

Kanuni zinakataza nyimbo za siasa. Dunia haijawahi kuzitii.

Nianze na kisa kinachonigusa zaidi, kwa sababu mwisho wake uko jirani na sisi. Tarehe 6 Aprili 1974, mjini Brighton, ABBA walishinda kwa "Waterloo", na kila mtu anakumbuka hilo. Usiku huohuo Mreno Paulo de Carvalho aliimba wimbo wa mapenzi, "E depois do adeus". Akapata alama tatu, akashika mkia pamoja na wengine watatu. Akarudi Lisbon.

Siku 18 baadaye, tarehe 24 Aprili, saa tano kasoro dakika tano usiku, redio moja ya Lisbon iliupiga wimbo huo. Ulikuwa ishara. Maofisa wa jeshi waliochoshwa na vita vya Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau walikubaliana kwamba wakiusikia wajiandae. Waliuchagua kwa sababu haukuwa na siasa hata chembe: ulikuwa wimbo wa mashindano, ukipigwa redioni kila siku, hakuna mpelelezi ambaye angeushtukia. Ishara ya pili ilifuata baada ya saa sita usiku, na kufikia jioni ya tarehe 25 udikteta wa Ureno ulikuwa umeanguka. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Juni 1975, Msumbiji ikawa huru, miaka 13 kamili tangu FRELIMO iundwe Dar es Salaam. Wapo wazee wa Nachingwea na Kongwa waliowaona wapiganaji wale wakipita na hawajawahi kusikia wimbo ule. Ningependa siku moja wausikie.

Ya karibuni ni mengi na yanafahamika zaidi. Urusi iliondolewa mwaka 2022 baada ya kuivamia Ukraine, na Ukraine ikashinda mwaka huohuo, watazamaji wakiipa 439. Haikuweza kuandaa kwa sababu ya vita, basi Liverpool ikaandaa kwa niaba yake 2023. Kisha vita vya Gaza vikaligawa shindano kuliko jambo lolote katika miaka yake yote: mashirika ya Hispania, Ireland, Uholanzi, Slovenia na Iceland yalijitoa kwenye shindano la 2026 mjini Vienna kwa sababu Israeli iliruhusiwa kushiriki. Hispania ni mmoja wa wachangiaji wakubwa, na Ireland ni bingwa mara saba. Sioni namna ya kulijadili shindano hili leo bila kulitaja hilo, na anayesema tusikilize nyimbo tu ananiomba nizibe sikio moja.

Mshindi hupewa nini?

Kipaza sauti cha kioo. Pesa hakuna. Faida ni jina na ziara za maonyesho, kwa wanaojua kuitumia nafasi. ABBA na Céline Dion walijua. Wengi wa washindi wengine hukumbukwa kwao tu.

Nani ameshinda mara nyingi zaidi?

Ireland na Uswidi, mara saba kila moja. Johnny Logan wa Ireland alishinda akiimba 1980 na 1987, na mwaka 1992 ukashinda wimbo alioutunga yeye. Loreen wa Uswidi, 2012 na 2023, ndiye mwanamke wa kwanza kushinda mara mbili.

Kuna shindano kama hili ambalo nchi zetu zinaweza kuingia?

Septemba 2025 Urusi iliifufua Intervision, jina la shindano la kambi ya Mashariki lililowahi kufanyika Sopot, Poland, kati ya 1977 na 1980. Lilifanyika Moscow, Đức Phúc wa Vietnam akashinda, na Kenya ilikuwepo: Sanaipei Tande, mwimbaji wa Mombasa ambaye wengi wetu tumemsikiliza kwa miaka mingi. Ethiopia, Misri, Afrika Kusini na Madagascar pia zilituma waimbaji. Nia ya kisiasa ya mwandaaji haikufichika, na kila msikilizaji ataipima mwenyewe.

Ninalolitamani mimi ni shindano letu, la mashirika yetu ya utangazaji, kuanzia Dakar hadi Moroni. Vipaji vipo na televisheni zipo. Ulaya ya 1956 ilianza na nchi saba na ukumbi mdogo.

Nitalitazamaje nikiwa Nairobi, Goma au Muscat, na je, naweza kupiga kura?

Chaneli rasmi ya Eurovision kwenye YouTube huonyesha usiku zote tatu mubashara katika nchi nyingi zisizoshiriki. Andaa bando la kutosha, maana fainali hukaribia saa nne. Huanza saa tatu usiku za Ulaya ya kati, ambayo ni saa nne usiku Kenya, Tanzania na Uganda, saa tatu Goma, Lubumbashi, Kigali na Bujumbura, na saa tano Muscat na Dubai.

Kupiga kura unaweza. Tangu 2023 watu wa nchi zisizoshiriki hupiga kura kwenye tovuti rasmi kwa kadi ya benki. Kura zao zote, kutoka Lamu hadi Chicago, hukusanywa na kuhesabiwa kama za nchi moja inayoitwa Dunia Nyingine, na nchi hiyo hutoa alama zake, 1 hadi 12, kama Ufaransa au Malta. Kura huhesabiwa kwa siku husika tu, kwa hiyo usiku wa fainali piga upya, usidhani ya Jumanne itakusaidia Jumamosi.

Fainali huisha karibu na saa nane usiku kwa saa za Dar. Kesho yake ni Jumapili.